Alama za Mtajo Kwa Barua Pepe: Hivi Ndivyo Koma Moja Inaweza Kukukosesha Kazi

Cheki hii, msee. Deadline ya kazi ni saa sita usiku. Unabandika jina la mtu wa HR vile uliipata: Wanjiru, Mary <mary@example.com>. Ukituma, programu inakataa. Inasema haijui "Wanjiru" ni nani. Shida ni hiyo koma.

Koma ina noma gani?

Kanuni za barua pepe (RFC 5322 ya 2008) zinasema koma ndiyo inatenganisha watu unaowatumia. Kwa hivyo programu inaona watu wawili: Wanjiru, ambaye hana anwani, na Mary. Dawa ni kufunga jina lote kwa alama za mtajo:

"Wanjiru, Mary" <mary@example.com>

Sasa huyo ni mtu mmoja. Usijali, alama zenyewe si sehemu ya jina, programu nyingi huzitoa kabla ya kulionyesha. Outlook nayo kwa kawaida hutenganisha watu na semikoloni, ndio maana majina ya ofisini yenye koma hayaisumbui.

Zingine za kufungiwa

Koloni, semikoloni, @ na mabano. Ukiandika Mary (HR) bila alama za mtajo, hiyo HR inachukuliwa kuwa maelezo ya pembeni tu, na inaweza kuachwa nje.

Una a.k.a.?

Alama za mtajo ndani ya zingine zinachanganya programu, haijui jina linaishia wapi. Weka mkwaju wa nyuma kabla ya kila moja ya ndani:

"Kevin \"Kevo\" Otieno" <kevo@example.com>

Ukijaza jina kwa settings za simu, programu hukufanyia hiyo job yenyewe. Lakini kama unaandika majina kwa faili ya CSV ndio uyaingize kwa simu, mkwaju hausaidii. Huko unaandika alama mara mbili: "".

Kina Ng'ang'a na Ndung'u

Tulieni. Ritifaa (') inaruhusiwa bila kufungwa na chochote. Hata kwa anwani yenyewe kanuni inaikubali, ila fomu nyingi za mtandaoni huikataa. Ukifungua akaunti, andika nganga tu.

Chunga alama zilizopinda

Simu na Word hupenda kugeuza " kuwa “ ”. Kwako zinafanana, lakini kwa programu hizo zilizopinda ni herufi za kawaida, hazifungi kitu. Koma itakusumbua tu vile vile.

Ukiwa na haraka, futa jina lote ubaki na mary@example.com. Barua hufikishwa na anwani, jina ni la kuonyesha tu. Halafu kabla ya hiyo saa sita, jitumie moja kwanza uone kama inaingia.