Orodha Iliyokatika

Katika historia ya Ziwa Viktoria ipo orodha moja inayofundisha zaidi kwa majina yasiyokuwamo kuliko kwa yale yaliyomo. Ni orodha ya abiria wa MV Bukoba, meli iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba. Ilionyesha abiria 443, nao walikuwa wa daraja la kwanza na la pili tu. Daraja la tatu, lenye nauli nafuu, halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaotaja vifo 800, na wapo wanaokaribia 1,000.

Vijana wetu wanaotengeneza programu za intaneti wanaujua mtego huu. Programu ikikwama hutoa ujumbe wa kosa; lakini nafasi ya kuuhifadhi yaweza kuwa herufi 255 tu, na kinachozidi hukatwa. Mara nyingi chanzo chenyewe kimeandikwa mwishoni, mahali palipokatwa. Fundi mwenye haraka hutengeneza kile anachokiona. Fundi mwangalifu huuliza kwanza: je, ujumbe huu umefika wote? Kisha huutafuta mzima katika kumbukumbu za seva. Asipoupata, huongeza nafasi na kulirudia kosa kwa makusudi, ili safari hii alisome mpaka mwisho.

Mwanahistoria hana njia hiyo ya mwisho. Meli haizamishwi mara ya pili ili tupate kuhesabu vizuri. Kisichoandikwa kabla ya safari kimepotea, na pamoja nacho hupotea jina la mtoto wa mtu.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Hapo napo hesabu ya waliopanda ilitafutwa baada ya msiba.

Mwalimu huita majina darasani kila asubuhi, hata ya watoto wa dawati la nyuma, na daftari la mahudhurio hubaki shuleni. Abiria nao waandikwe wote, wa kila daraja, na nakala ibaki nchi kavu. Pale Igoma, jijini Mwanza, walikozikwa wengi wa marehemu wa 1996, hakuna kaburi la daraja la tatu.