Msimbo wa DHIS2 na Safari Zake: Kutoka Subversion hadi Git

Takwimu za wagonjwa katika kata kama Yakobi, mkoani Njombe, Tanzania, huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambamo mgonjwa wa nje huandikwa katika Kitabu namba 5, na mwisho wa mwezi jumla hupelekwa halmashauri na kuingizwa katika programu ya DHIS2. Programu hiyo, iliyoenea nchi nzima mwaka 2013, ina historia ambayo mtumiaji haioni: historia ya mahali ulipotunzwa msimbo wake, yaani maelekezo ambayo kompyuta huyafuata.

DHIS2 ilianza kuandikwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Oslo, kwa lugha ya Java, ikiwa mrithi wa programu iliyobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kwa kuwa wachangiaji walitawanyika katika nchi mbalimbali, ilihitajika zana ya kudhibiti matoleo, inayotunza kumbukumbu ya nani alibadili nini na lini. Iliyotumika mwanzoni ilikuwa Subversion, ambayo huweka hazina kuu, yaani ghala la msimbo na kumbukumbu zake, katika seva moja, hivyo kwamba anayetaka kuwasilisha badiliko, au hata kusoma kumbukumbu za nyuma, sharti awe mtandaoni. Kwa mtu wa Oslo sharti hilo lilikuwa jepesi. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ambako kabla ya kebo ya SEACOM kufika Julai 2009 mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti zenye gharama kubwa, lilikuwa zito.

Baadaye msimbo ulihamishiwa Bazaar, zana nyingine ya kudhibiti matoleo, na katika muongo wa 2010 ukahamia Git, zana iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Zote mbili humpa kila mwandishi hazina nzima katika kompyuta yake, afanye kazi bila mtandao na kuwasilisha baadaye. Watetezi wa Bazaar waliisifu kwa wepesi wa kujifunza, na hawakukosea, kwani amri za Git huwachanganya hata wazoefu; lakini Bazaar ilipungukiwa na waendelezaji, na zana isiyo na watu haidumu.

Mijadala ya namna hii kuhusu zana za kudhibiti matoleo hushughulika mno na hazina na kusahau ujenzi, yaani hatua ya kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa. DHIS2 hujengwa kwa Maven, ambayo mara ya kwanza hupakua kutoka mtandaoni maktaba zote, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa tayari, ambazo programu inazitegemea, na kwa mwenye intaneti hafifu mzigo huo unaweza kuzidi ule wa Subversion. Hazina ilihama mara mbili, Maven haikuondolewa.