Wanafunzi wa Kigeni na Nyumba Zinazowapokea

Mwaka 1932 Donald Watt, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Syracuse, aliwavusha bahari vijana wa nchi yake hadi Uswisi, wakapige kambi pamoja na vijana wa Kifaransa na wa Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na miaka 14 tu tangu imalizike, na Watt aliamini kwamba watoto wa mataifa yaliyouana wakila na kulala pamoja, chuki itapungua.

Haikuwa hivyo. Kambini kila kundi lilijitenga na kuzungumza lugha yake.

Mwaka uliofuata Watt alibadili mpango. Aliwagawa vijana katika nyumba za watu, kila mmoja awe mtoto wa nyumba aliyofikia, chini ya baba na mama wa hapo. Huko kijana hakuwa na wa kujitenga naye. Mpango ukashika, na shirika lake, The Experiment in International Living, likakua. Mwaka 1934 mmoja wa waliokwenda Ujerumani kwa njia hiyo alikuwa kijana aliyekaribia kuingia Chuo Kikuu cha Yale, aitwaye Sargent Shriver. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Marekani la vijana wa kujitolea, mwaka 1961, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake.

Shirika jingine, AFS, lilizaliwa katika vita vyenyewe: tangu 1915 watu wake waliendesha magari ya kubebea majeruhi nchini Ufaransa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madereva wa shirika hilo waligeukia kazi ya kubadilishana wanafunzi. Mwaka 1947 walianza na vijana 52 kutoka nchi 10, waliokwenda kusoma Marekani.

Pwani yetu iliingia katika historia hii hasa kupitia SIT, chuo kilichotokana na shirika la Watt mwaka 1964, ambacho kimewaleta wanafunzi wa Kimarekani kuishi na familia za Mombasa na Zanzibar. Kazi kubwa ya kuwafundisha hufanyika jikoni. Mgeni huketishwa juu ya mbuzi, akapewa kizio cha nazi akune. Mara ya kwanza hukandamiza mno, ganda la kahawia likachanganyika na nazi, na mama wa nyumba akamshika mkono kumwonyesha pa kuishia. Kisha ni kutia maji, kukamua, kuchuja; tui zito linawekwa kando, tui jepesi linatangulia chunguni. Kufikia wali unapopakuliwa kwenye sinia, mgeni amekwisha kusikia na kutii amri nyingi za Kiswahili kuliko zile ambazo kitabu kingempa kwa wiki nzima. Jioni anajifunza kupiga hodi na kungoja, kumwamkia bibi shikamoo kabla ya salamu nyingine yoyote, na kuaga kila anapotoka. Atakayerudi usiku bila kuaga atakuta nyumba nzima iko macho, na hapo ndipo anapotambua kwamba amekuwa mtoto wa watu.

Safari ya upande wa pili nayo ipo. Mpango wa YES, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa juhudi za maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, huwapeleka wanafunzi wa sekondari, wakiwemo wa Kenya na Tanzania, kuishi mwaka mmoja wa masomo na familia za Marekani. Familia hizo hazilipwi mshahara. Wakati mwingine zinampokea kijana anayefunga Ramadhani katika mji ambao pengine hauna msikiti, na mama wa nyumba inambidi ajifunze daku ni nini.

Watt na Shriver wameandikwa vya kutosha. Mama wa Mombasa aliyelea wageni mwaka baada ya mwaka hana hata ukurasa mmoja, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Vyuo vinavyotumia nyumba hizi vina wajibu wa kukusanya habari za akina mama hawa sasa, wenyewe wangali hai na wanakumbuka.