Kura Sita na Bundi Mweupe

Mnamo Oktoba 2016, wakazi wa mji ulio kaskazini kabisa mwa Marekani walipiga kura kuamua mji wao uitweje. Waliotaka jina libadilishwe walikuwa 381, waliokataa 375. Kura sita tu. Tarehe 1 Desemba mwaka huo, Barrow, Alaska, ukaanza kuitwa Utqiaġvik.

Ingekuwa sinema, stori ingeishia hapo: jina la mkoloni limeng'olewa, wenyeji wamerudishiwa lao. Lakini kampuni inayomilikiwa na wenyeji wenyewe, Wainupiat, ilikimbia kortini. Ilidai kura ile ilifanywa mbiombio, na isitoshe, jina lililorudishwa silo. Jina la kweli, walisema, ni Ukpeaġvik: mahali pa kuwinda bundi weupe.

Nimeisoma kesi hii mara kadhaa, na kila mara namrudia yule bundi. Kwetu bundi ana sifa moja tu. Awe ndundu kwa Wakikuyu au tula kwa Wajaluo, akitua juu ya paa usiku watu wanaanza kuhesabu wagonjwa wa ukoo. Sasa kuna watu walio tayari kwenda mahakamani ili mji wao uitwe kwa jina lake. Huyu ni bundi gani?

Kama umetazama filamu za Harry Potter, unamjua. Hedwig ni bundi wa theluji. Kwenye hadithi ni jike, ila walioigiza ni madume, kwa sababu dume ndiye hukaribia weupe kamili. Jike ana mabaka meusi, na ndiye mkubwa zaidi. Huko Marekani Kaskazini hakuna bundi anayemshinda kwa uzito.

Makao yake ni tundra, ile nchi tambarare isiyo na miti inayoizunguka ncha ya kaskazini ya dunia: Alaska, Kanada, Greenland, Skandinavia, Urusi. Kwa kuwa hakuna mti, hutaga chini, juu ya kichuguu kilichoinuka kidogo ili aone adui akija. Utqiaġvik jua halitui kwa zaidi ya siku 80 kila kiangazi, kwa hivyo bundi huyu huwinda mchana peupe. Chakula chake ni lemingi, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Lemingi wakiwa wengi, hutaga hata mayai 11. Wakiadimika, huenda asitage kabisa.

Na hana kwao. Bundi waliofungwa vifaa vya setilaiti wamekutwa wakijenga kiota mamia ya kilomita kutoka walipotaga mwaka uliopita. Wengine hukaa majira ya baridi juu ya barafu ya bahari, wakiwinda ndege wa majini. Wengine hushuka kusini. Katika majira ya baridi ya 2013 na 2014 walishuka kwa wingi hadi mmoja akaonekana Florida. Januari 2021 mmoja alitua Central Park, New York, ambako hakuwa ameonekana tangu 1890. Hupenda pia viwanja vya ndege, maana vinafanana na tundra: tambarare, bila miti, na panya wapo.

Sasa angalia alivyopewa majina. Mwaka 1758, Msweden Carl Linnaeus, aliyejipa kazi ya kuvipanga viumbe vyote vya dunia, alimwandika kitabuni mara mbili kana kwamba ni ndege wawili. Mweupe alimwita Strix scandiaca. Mwenye mabaka, ambaye inaelekea alikuwa jike, akamwita Strix nyctea. Kwa hivyo mume ni wa Skandinavia, na mke ana jina linalotokana na neno la Kigiriki la usiku. Kumbe ndege mwenyewe anazunguka ncha nzima ya dunia na anawinda juani! Baadaye wataalamu waliyaunganisha majina hayo, akaitwa Nyctea scandiaca hadi miaka ya 2000, vipimo vya DNA vilipomhamishia kwenye jenasi ya Bubo. Huko ana ndugu wa hapa kwetu, Bubo africanus.

Wainupiat humwita ukpik. Neno hilo moja lilitosha kwa dume na jike, kwa sababu aliyelitumia aliwaona wote wawili kwenye kiota kimoja, na pia aliwala. Ukiliongezea -vik, kiambishi cha mahali, unapata jina linalokuambia uende wapi na ukapate nini. Hata Utqiaġvik, jina lililoshinda, limeundwa hivyohivyo: ni mahali pa kuchimba mizizi ya kuliwa. Wanaobishana hapa wanakubaliana kwamba jina la mahali linapaswa kumsaidia mwenye njaa.

Barrow je? Sir John Barrow alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali katika wizara ya jeshi la majini la Uingereza, London. Wanamaji waliofika pale miaka ya 1820 waliipa rasi jina lake kumheshimu bosi. Yeye hakuwahi kukanyaga Alaska.

Mkenya hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1888 Count Teleki, kutoka Hungaria, alifika kwenye ziwa letu kubwa la kaskazini na kuliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria. Rudolf alifariki mwaka uliofuata, na jina lake likakaa juu ya maji yale hadi 1975, serikali ilipoliita Turkana. Tukapiga makofi. Lakini ufuo wa ziwa hilo una pia Wadasanach, Wagabra, Warendile na Waelmolo. Kila jamii ilikuwa na chombo chake cha kutekea maji hayo, na neno lake la kuyataja. Ramani ina nafasi ya neno moja.

Ndiyo maana siidharau kesi ya Ukpeaġvik, ingawa wengine waliiona kama ugomvi wa ndugu unaomfurahisha jirani. Bundi mwenyewe anapungua: mwaka 2017 aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Kiinupiat nacho kimebaki na wazungumzaji wachache, wengi wao wazee, baada ya watoto wa vizazi vilivyopita kuadhibiwa shuleni kwa kukisema. Ukitaka kujua jina lipi lilitangulia, unawauliza wazee hao. Lazima uwahi.

Utqiaġvik ndilo jina lililobaki kwenye ramani. Tiketi ya ndege ya kwenda huko bado inaandikwa BRW. Huku kwetu, Waelmolo wengi leo huzungumza Kisamburu. Lugha yao ya zamani imekufa. Ukifika Loiyangalani, waulize wazee mababu zao waliliitaje ziwa, na uliandike jibu kabla hujapiga selfi.