Iringa ya Kalenga na Iringa ya Mlimani

Sisi walimu wa hapa Mlandege tumeazimu kuwapeleka wanafunzi wetu kuutazama mji wa Iringa. Huenda mtacheka, maana Mlandege ni mtaa wa mji huo huo. Lakini sikilizeni kwanza. Mwaka jana tuliwapeleka katika Boma, lile jumba la mawe ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Tuliporudi darasani tukawauliza, "Ni nani aliyeianzisha Iringa?" Wote wakajibu kwa sauti moja, "Wajerumani!" Jibu lile lilitusumbua sana, tena kosa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukuwaonyesha kitu kingine.

Kwa hiyo safari hii tutaanza kwenye jina. Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Na ngome hiyo haikuwa huku juu mlimani, bali Kalenga, karibu na mto wa Ruaha Mdogo, mwendo wa kilometa 15 hivi kutoka mjini. Huko ndiko alikokaa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, nyuma ya ukuta wake.

Tulitamani kuwapeleka Lugalo pia, katika barabara ya Morogoro, ila nauli haitoshi kwa safari mbili. Habari zake basi tutazisimulia njiani. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, lilikuwa likipita kwa safu ndefu, pasipo kudhani kwamba adui yu karibu. Wahehe walikuwa wamejificha. Walipotokea, mambo yakaisha upesi: Zelewski akauawa, na pamoja naye Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Tutawakumbusha watoto kwamba askari wale nao walikuwa Waafrika, na walikuwa na mama zao.

Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, hawakusahau. Walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja Kalenga. Mkwawa akaponyoka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne. Katika muda huo, mwaka 1896, Tom von Prince, aliyeitwa Bwana Sakarani, akaweka kituo chake juu ya mlima, nacho kikachukua jina la ngome iliyovunjwa. Huo ndio mji wetu. Mwisho wa mwaka ule Wadachi wakamtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Hata miezi mitatu haikutimia, wakamnyonga, kwa kumshuku kwamba amsaidia nduguye. Mtoto akilitazama Boma bila kuyajua hayo, ataona madirisha mazuri tu.

Sasa liko jambo lililotugawanya sisi walimu wenyewe. Tarehe 19 Julai 1898, alipokuwa amekaribia kukamatwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi. Wadachi wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwaamuru wakirudishe, wasikirudishe. Hata baada ya vita vya pili Gavana Twining akaenda Bremen, akachagua fuvu moja miongoni mwa mengi kwa kupima ukubwa wake, na tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Fuvu hilo limewekwa katika makumbusho ya Kalenga, ndani ya kioo.

Je, yafaa watoto walione? Wazazi wawili wametuambia waziwazi kwamba mfu astahili kaburi, si macho ya watu. Mwalimu mwenzetu mmoja akaongeza kwamba wako wataalamu wenye shaka kama fuvu ni lake kweli. Tulibishana mpaka taa ikawashwa. Hatuwezi kusema kwamba wazazi wale wamekosa. Sisi wenyewe, tulipolitazama mara ya kwanza, hatukukaa sana. Lakini fuvu ndilo linalomfanya mtoto aulize, "Nani alimkata, na kwa nini?" Basi tumekata shauri hivi: wataingia wale tu ambao wazazi wao wameridhia, kwa makundi madogo, kofia mkononi na bila kupiga picha. Waliobaki watakaa nje pamoja na mwalimu, wasikie habari za ukuta.

Tutaondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Kila mtoto na alete sweta, kwa maana baridi ya Julai yajulikana, na chakula cha mchana. Alasiri tutarudi mjini, tutembee kwa miguu mpaka Boma. Na Jumatatu tutawauliza lile swali la mwaka jana.