Sheria imeandikwa, etiketi imepotea: historia ya dawa za sumu mpaka Minembwe



Leo tuongee historia ya kitu ambacho kila mfugaji wa Minembwe anakijua: dawa ya kupe. Wengi wetu minervali yetu ya masomo ilitoka kwa maziwa na ndama waliouzwa, na kwenye milima yetu ndama hawaponi bila kuuawa kupe. Kwa hiyo siandiki kusema dawa ni mbaya. Nauliza tu: dawa inatulinda na kupe, na nani anatulinda na dawa?

Mwanzoni mwa karne ya 20, majosho ya kuogeshea ng'ombe Afrika ya Kusini na ya Mashariki yalitiwa arseniki, sumu kali hata kwa mchungaji. Kupe wakaanza kuizoea. Baada ya vita ya pili ya dunia zikaja DDT, lindani na toksafeni. Mswisi Paul Müller, aliyegundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, alipewa Nobel mwaka 1948. Watu waliiona kama muujiza.

Mwaka 1962 mwanabiolojia wa Marekani, Rachel Carson, akatoa kitabu Silent Spring. Alionyesha kwamba dawa hizi haziishi shambani: zinabaki kwenye udongo, zinaingia kwa samaki na ndege, zinajikusanya ndani ya mafuta ya mwili. Makampuni ya dawa yalimpiga vita sana. Marekani ikakataza DDT katika kilimo mwaka 1972. Hesabu mwenyewe: toka Nobel mpaka kukatazwa, miaka 24. Dawa inakimbia, sheria inatembea.

Na inapokatazwa kwa wenyewe, inaenda wapi? Mwaka 1986 Tanzania ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa dawa za kilimo, nyingine zimeshapita muda. Ziliwekwa kwenye shamba la Vikuge, karibu na Kibaha. Ghala likaanguka, dawa zikanyeshewa mvua, na watafiti waliofika nyuma wakakuta DDT kwenye udongo na maji ya pale. Msaada uligeuka mzigo.

Juu ya mambo kama hayo, mataifa yalikubaliana. Mapatano ya Rotterdam ya mwaka 1998 yanasema kwamba nchi inayouza dawa hatari iliyoorodheshwa haiwezi kuituma tu kimyakimya: nchi inayopokea ijulishwe kwanza, iseme ndiyo ama hapana. Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yalianza na sumu 12 zinazodumu miaka mingi, na toksafeni imo. DDT iliachiwa nafasi moja, kupigana na mbu wa malaria. Lindani iliongezwa mwaka 2009. Kongo yetu iliingia katika yote mawili mwaka 2005. Tena Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 55, inahesabu kuingiza ama kumwaga takataka za sumu kuwa kosa la jinai. Mwaka 2011 ikaja sheria ya mazingira.

Kumbe sheria ziko. Shida ni njia toka Kinshasa mpaka soko la Minembwe. Barabara ni mbaya, usalama unakatika, na dawa inapanda mlima kwa mgongo wa mtu, ikipita mikono mingi. Sokoni utaikuta imegawanywa katika chupa za maji ama za fanta, haina jina, haina tarehe, haina kipimo. Muuzaji anakwambia, "Tia kifuniko kimoja." Kifuniko cha chupa gani? Ile etiketi iliyobaki kwenye bidoni ndiyo sheria yenyewe: pale ndipo serikali inaongea na mfugaji. Ikitoka, sheria yote imetoka, na kile kidogo kilichobaki kimeandikwa Kifaransa ama Kiingereza ambacho mama mwenye pompo mgongoni hasomi.

Na matokeo hayabaki kwetu peke yetu. Maji ya Itombwe yanashuka upande mmoja kwa Ziwa Tanganyika, upande mwingine kwa Elila mpaka Lualaba. Pompo iliyooshwa kwenye chemchemi huku juu, Mbembe wa Baraka na Mnyamulenge wa Minembwe wote wanainywa. Sumu haiulizi kabila.

Sasa sisi wenye lisansi ya kilimo, tunangoja nini? Sisemi tuwe polisi. Tunaweza kutafsiri etiketi: jina la dawa, kipimo, siku ngapi maziwa yasinywewe baada ya kuogesha ng'ombe. Tunaweza kueleza kwamba dawa ya birayi haipakwi kwa ng'ombe, na kwamba bidoni tupu inatobolewa, haichotewi maji. Tunaweza kuandika kila tukio la mtu ama mfugo aliyedhurika: tarehe, dawa, dalili, na kupeleka kwa kituo cha afya na kwa veterineri. Kitabu cha Carson kilisimama juu ya maandishi ya watu kama hao, waliohesabu ndege waliokufa kijijini mwao.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na papo hapo kinampa kazi ya kuyalinda. Haki tunaidaigi kila siku. Ile kazi nayo, tuianze sokoni, na chupa moja isiyo na jina.