Mafundi wa Redio na Sauti ya Gitaa

Watu wasikiapo gitaa la umeme humsifu mpigaji, na pengine humsifu aliyelichonga gitaa lenyewe. Fundi wa redio hatajwi. Walakini, habari zikisimuliwa kwa haki, sauti ile ililelewa juu ya meza yake, kati ya vyuma vikuukuu, lehemu, na mita ya bei ndogo.

Katika mwaka wa 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ambayo umeme ulipita ndani yake kwa upande mmoja tu. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza uzi wa waya katikati ya chupa hiyo. Kwa waya ule umeme dhaifu ukapata kutawala umeme wenye nguvu, kama kilango cha mfereji kitawalavyo maji mengi. Waingereza waliiita chupa hiyo vali, na Wamarekani wakaiita tyubu. Redio zilijengwa juu yake. Nazo, kwa kuwa vali huchoka kama utambi wa taa, zilihitaji mafundi.

Mmoja wao alikuwa Leo Fender, aliyezaliwa California mwaka 1909. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kuandika hesabu; mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Wanamuziki wa jirani walimletea vikuza sauti vyao vilivyoharibika. Hakujua kupiga gitaa, wala hakujifunza mpaka alipokufa. Alichojua ni kile asichokijua mpigaji: kitu gani huharibika kwanza, na kwa nini. Kwa hiyo alipoanzisha kampuni yake mwaka 1946 aliunda vikuza sauti kwa jicho la mtu atakayevifungua kesho. Vali zilikaa katika soketi, zikang'oleka kwa mkono. Ndani ya sanduku ilibandikwa karatasi ya kuonyesha kila vali na mahali pake. Vifaa vidogo vilipangwa juu ya ubao mmoja, hata kimoja kikafa kiliweza kuondolewa bila ya kumsumbua jirani yake.

Fundi mwenye mali alikuwa na mashine ya kuchora mawimbi ya umeme. Fundi maskini alikuwa na macho, pua na masikio, na yamkini hakukosa kitu kikubwa. Vali ambayo bamba lake la chuma limewaka jekundu inakunywa umeme kupita kiasi, na sharti izimwe mara moja. Harufu ya lami iliyoungua ni habari mbaya ya transfoma. Mvumo mzito usiobadilika sauti ipunguzwapo au iongezwapo, aghalabu ni wa kapasita kubwa, ambazo kazi yake ni kuulainisha umeme, nazo hukauka kwa uzee. Vali igongwayo taratibu kwa penseli ikalia kama kengele imelegea matumboni. Kelele isiyojulikana itokako ilisakwa kwa kuzing'oa vali ndogo moja moja, kuanzia upande wa gitaa: ile ambayo kuondoka kwake kuliinyamazisha kelele, hapo ndipo palipo na kosa, ama katika vali yenyewe ama katika vifaa vinavyoihudumia.

Fyuzi ikikatika kila mara, njia ya bei nafuu ilikuwa kuunga taa ya kawaida yenye uzi katika njia ya umeme uingiao. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna njia ya mkato. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, yapo matumaini. Taa moja imeokoa transfoma nyingi. Ingefaa hasa kwa kikuza sauti cha Kimarekani kiletwacho Mombasa au Nairobi, maana cha kwao hutaka volti 120, na ukutani kwetu mna 240.

Katika miaka ya 1950 maduka ya dawa ya Marekani yaliweka mashine ambazo mtu alizitumia mwenyewe kupimia vali zake. Zilisaidia, ila mashine ilikuwa ya muuza vali, na tangu lini muuzaji akafanya haraka kukuambia kuwa ulicho nacho bado ni kizima?

Jambo moja halikuwa na njia ya bei nafuu. Kapasita za kikuza sauti huweza kushika volti 400 na zaidi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme huo huua. Fundi aliyetaka kuzeeka aliutoa kwanza kupitia rezista, kisha akahakikisha kwa mita, ndipo akatia mkono.

Si kila ubovu ulitengenezwa. Mwezi wa Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilisafiri kutoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi wimbo katika studio ya Sam Phillips. Njiani kikuza sauti cha mpiga gitaa, Willie Kizart, kiliharibika. Wengine husema kilianguka, wengine husema kilinyeshewa. Karatasi ya spika ilikuwa imepasuka na fundi hakupatikana. Phillips alisokomeza karatasi ndani yake, akasikiliza, akapendezwa na ule mkwaruzo uliofanana na saksofoni. Wimbo huo, "Rocket 88", ulipanda hadi juu ya orodha ya muziki wa watu weusi wa Marekani mwaka ule ule. Naona huo ulikuwa utambuzi kamili wa kosa: alijua lilipo, akapima gharama ya kuliondoa, akaliacha.

Huko London mwaka 1962 wapigaji walimlalamikia Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki, kwamba vikuza sauti vya Fender ni ghali mno. Fundi wa dukani mwake, Ken Bran, pamoja na kijana aliyeitwa Dudley Craven, walikichunguza kimoja, kiitwacho Bassman, wakaunda mfano wake kwa vifaa vilivyopatikana Uingereza. Transfoma zilikuwa nyingine, spika nyingine, na sauti ikatoka nyingine, kali zaidi. Wapigaji wa roki waliipenda.

Siku hizi vali hutoka hasa Urusi, Slovakia na Uchina, na bei yake imepanda. Fundi mwenye fedha kidogo hanunui seti nzima. Hununua vali ndogo moja anayoijua kuwa ni nzima, akaifunga katika kitambaa sandukuni, na kwa hiyo moja huzipima nyingine zote, soketi baada ya soketi.